Kitabu Kama Ushahidi: Umbo la Vitabu vya Awali vya Kiswahili na Kazi ya Mhakiki

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili una mazoea ya kuizungumzia matini kana kwamba haina mwili. Hunukuliwa ubeti, hutajwa jina la mtunzi na mwaka, kisha uchambuzi wa maudhui na fani ukaanza mara moja. Ni nadra msomaji kuelezwa kwamba ubeti huo umetoka katika nakala ipi, ulipangwaje kwenye ukurasa, nani aliuwekea alama za uakifishaji, na kitabu chenyewe kilikusudiwa kusomwa na nani. Mambo hayo huachiwa mkutubi.

Makala hii inashikilia kuwa mazoea hayo yana gharama kubwa. Fasihi ya Kiswahili iliingia katika herufi za Kirumi na katika mashine ya chapa kwa haraka. Matini ya kwanza ya Kiswahili inayojulikana sana kupigwa chapa, sura za mwanzo za kitabu cha Mwanzo zilizofasiriwa na Ludwig Krapf, ilitoka mwaka 1847 katika jarida la chama cha wataalamu wa mambo ya Mashariki huko Marekani. Miaka mia moja baadaye, Shaaban Robert alikuwa akiandika kwa ajili ya wachapishaji. Katika kipindi hicho kifupi, tungo zilizokuwa zimekaa vinywani mwa watu na katika miswada ya hati za Kiarabu zilihamishwa, zikakatwa mistari, zikapewa anwani na kuvishwa majalada. Kwa hiyo baadhi ya sifa zinazohesabiwa leo kuwa za mtunzi ni za mhariri au za mpanga herufi. Asiyekikagua kitabu kama kitu hawezi kuzitenga.

Taaluma ya kueleza umbo la vitabu, yaani bibliografia elezi, si ngeni katika fasihi za kwingineko. R. B. McKerrow aliandika utangulizi wake wa mwaka 1927 kwa ajili ya wanafunzi wa fasihi hasa. Charlton Hinman, katika utafiti uliotoka mwaka 1963, alilinganisha nakala nyingi za kitabu cha tamthilia za Shakespeare cha mwaka 1623 zilizohifadhiwa katika maktaba ya Folger, akaonyesha kuwa kurasa zilikuwa zikisahihishwa wakati mashine inaendelea kuchapa, hata nakala mbili za toleo lilelile zikatofautiana. D. F. McKenzie, mwaka 1986, alikwenda mbele zaidi akasema kwamba umbo la kitabu lenyewe ni sehemu ya maana yake. Kwa Kiswahili hoja hizi zina uzito zaidi, kwa kuwa kilichobadilika si usahihi wa herufi tu, bali hati nzima.

Suala hili linawagusa kwa namna ya pekee wasomaji wa Kisumu na mwambao wa Ziwa. Reli ilifika Port Florence, ndiyo Kisumu, Desemba 1901. Shule ya Maseno ilianzishwa mwaka 1906. Juu ya ghuba ya Winam, mtaa wa Milimani ukawa makazi ya maofisa wa serikali ya kikoloni, watu ambao walitakiwa kufanya mtihani wa Kiswahili kama sehemu ya kazi yao. Walikuwapo Waislamu wa Mumias na Kendu Bay walioijua hati ya Kiarabu kutoka chuoni. Lakini kwa wengi wa Nyanza, Kiswahili cha maandishi kilikuja kikiwa tayari katika herufi za Kirumi, tena kimekwisha kupigwa chapa. Msomaji wa Lamu aliweza kukitazama kitabu akakumbuka mswada au sauti ya msomaji wa utenzi. Msomaji wa Kisumu hakuwa na cha kukilinganisha nacho. Kwake kitabu ndicho kilichokuwa asili. Ndiyo sababu uchunguzi wa umbo la kitabu unamhusu yeye kuliko mtu wa Pwani.

Toleo, Chapa na Nakala

Kabla ya kuendelea inafaa kutenganisha istilahi tatu zinazochanganywa mara kwa mara. Toleo ni kazi iliyopangwa herufi upya, hata kama maneno hayakubadilika. Chapa ni mara moja ya kutoa nakala kutokana na mpango uleule wa herufi. Nakala ni kitabu kimoja kinachoshikika mkononi, chenye historia yake: kimejaladiwa upya, kimepoteza ukurasa, kimeandikwa pambizoni na mwenyewe wa zamani.

Mhakiki anaponukuu "Swahili Tales ya Steere" huwa hajasema lolote bado. Kitabu hicho kilitoka London mwaka 1870 kwa Bell and Daldy. Toleo jingine likatolewa na S.P.C.K. mwaka 1889, Steere akiwa amekwisha kufariki tangu 1882. Anayelinganisha msamiati wa ngano hizo na Kiswahili cha Unguja cha miaka ya 1860 hana budi kusema ametumia lipi. Vivyo hivyo, aliye na fotokopi isiyo na ukurasa wa anwani hana kitabu, ana karatasi zenye maneno.

Tarehe nayo ni ushahidi unaohitaji kuhojiwa. Kufikirika ya Shaaban Robert ilichapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo cha mwandishi, ingawa huelezwa kuwa iliandikwa mwaka 1946. Anayeusoma mwaka wa ukurasa wa anwani kama mwaka wa utunzi atakiona kitabu hicho kuwa tafakuri ya mwananchi wa nchi huru, nacho ni ndoto ya raia wa koloni. Kwa mwaka wa chapa, Kusadikika ya mwaka 1951 ndiyo iliyotangulia. Kwa mwaka wa utunzi, huenda mfuatano ukageuka, na kila maelezo ya "kukua" kwa mawazo ya mwandishi yakageuka nao.

Tena kuna idhini. Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki ilikuwa na kazi ya kupitia miswada ya vitabu vya shule na kuipa kibali ile iliyofuata Kiswahili sanifu. Alama ya kibali hicho katika kurasa za mwanzo si pambo. Inamwarifu mhakiki kwamba kati ya mwandishi na msomaji alikaa msahihishaji mwenye kanuni mkononi, aliyekuwa na uwezo wa kuondoa neno la Kimvita au umbo la Kiamu na kutia la Kiunguja. Uchunguzi wa mtindo usioujua mkono huo utamsifu au kumlaumu mwandishi kwa uteuzi wa maneno usiokuwa wake.

Ukurasa wa Anwani na Suala la Mtunzi

Katika vitabu vya awali hakuna ukurasa wenye siasa nyingi kuliko ukurasa wa anwani. Hapo ndipo lugha ilipopewa jina, mtunzi akatajwa au akafichwa, na msomaji akaelekezwa namna ya kuelewa.

Jina la lugha lenyewe ni mfano mzuri. Krapf, katika kitabu kilichochapwa Tübingen mwaka 1850, aliandika Kisuáheli. Kamusi yake iliyotoka London mwaka 1882 ikaandika Suahili. Steere aliandika Swahili. Katika Berlin, C. G. Büttner aliandika Suaheli mwaka 1892. Tofauti hizo hazikutokana na lahaja. Zinaonyesha nyumba za uchapaji na shule za kitaaluma, na kwa anayejua kuzisoma zinatambulisha ukoo wa kitabu hata kabla hakijafunguliwa.

Kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotoka Göttingen mwaka 1903 kinafundisha zaidi. Katika anwani yake kamili limo neno khabari, lenye kh, na neno sheri'a, lenye alama ya ritifaa. Herufi hizo zinabeba kumbukumbu ya Kiarabu: kh ni sauti ambayo Kiswahili sanifu kiliiandika h, na ritifaa inashika nafasi ya herufi ayn. Matoleo yaliyofuata kanuni za baadaye yalifuta alama hizo, na pamoja nazo ikafutika ishara kwamba watunzi wa maandishi hayo walikuwa watu waliosoma chuoni, waliosikia tofauti za sauti ambazo tahajia mpya haikuzijali.

Jambo kubwa zaidi ni jina lililo chini ya anwani. Mwaka 1903 lilikuwa la Carl Velten, mhariri. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Mrima aliyefundisha Kiswahili Berlin na ambaye sehemu kubwa ya maandishi hayo ni yake, hakuwekwa hapo kama mtunzi. J. W. T. Allen alipotayarisha tafsiri ya Kiingereza iliyotoka Marekani mwaka 1981, jina la Mtoro liliwekwa ndani ya anwani yenyewe, pamoja na maelezo kwamba wapo Waswahili wengine walioshiriki. Maandishi ni yaleyale kwa kiasi kikubwa. Lakini kwa muda wa miaka 78 maktaba nyingi ziliyaorodhesha chini ya herufi V, na historia za fasihi zikayahesabu kuwa data za mtaalamu wa Kijerumani badala ya nathari ya Mswahili. Mtunzi alipotezwa na ukurasa mmoja, akarudishwa na ukurasa mmoja.

Swahili Tales nayo inasema katika anwani yake kwamba ngano zilisimuliwa na wenyeji wa Unguja. Tamko hilo lina sura mbili. Upande mmoja ni uaminifu: Steere hakudai kuzitunga. Upande wa pili, jina lililoandikwa na kufuatiwa na shahada ni lake, na wasimulizi wamekuwa kundi lisilo na majina. Mhakiki anayezichukua ngano hizo kuwa "za jamii", zisizo na fanani, huenda hafuati nadharia ya fasihi simulizi, bali anafuata mpangilio wa ukurasa wa mwaka 1870.

Anwani inaweza pia kuamua tafsiri ya utungo. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa katika mwaka wa 1858 na mama mgonjwa akimwachia binti yake wasia, ulichapishwa na Alice Werner na William Hichens mwaka 1934 katika nchi ya Uingereza kwa anwani The Advice of Mwana Kupona upon the Wifely Duty. Maneno ya mwisho, kuhusu wajibu wa mke, ni ya wahariri. Utendi wenyewe una mafunzo ya dini, adabu mbele za watu, kuwajali maskini, maumivu ya mtunzi na dua ndefu. Anwani ilichagua sehemu moja ikaifanya kuwa yote. Uhakiki uliokuja baadaye, wa kuutetea utendi na wa kuushutumu, kwa kawaida umebishana juu ya utii wa mke, kana kwamba Mwana Kupona mwenyewe ndiye aliyeiandika ile anwani ya Kiingereza.

Kurasa Zinazotazamana

Katika Swahili Tales ngano za Kiswahili zimewekwa ukurasa wa kushoto, na tafsiri ya Kiingereza ukurasa wa kulia, tangu Kisa cha Punda wa Dobi kinachofungua kitabu. Mpango huo unaonekana kuwa wa kawaida mpaka msomaji ajiulize ulimfaa nani. Mswahili wa Unguja hakuuhitaji ukurasa wa kulia. Ulimfaa mwanafunzi Mwingereza, mmisionari au ofisa, aliyesoma mstari wa kushoto kisha akavuka kuuliza maana. Kitabu ni mkusanyo wa ngano na papo hapo ni kitabu cha darasani. Ofisa wa Milimani anayejitayarisha kwa mtihani ndiye msomaji aliyekusudiwa na umbo hilo, hata kama Steere alipokuwa akiandika hapakuwa na Milimani wala reli.

Matokeo yake yanaonekana hata ndani ya matini. Kurasa zinazotazamana hazina budi kwenda sambamba. Aya haiwezi kurefuka upande mmoja bila kuulazimisha wa pili. Ngano iliyosimuliwa kwa pumzi ndefu, yenye marudio na vibwagizo, inagawanywa katika aya kwa kipimo cha tafsiri. Mhakiki anayechambua muundo wa ngano kwa kufuata aya anachambua, kwa kiasi fulani, mahitaji ya Kiingereza.

Velten alichagua njia nyingine. Mwaka 1901 alitoa Safari za Wasuaheli kwa Kiswahili, na katika mwaka huohuo akatoa kitabu cha pili chenye maelezo hayo kwa Kijerumani. Alifanya vivyo hivyo na Desturi mwaka 1903. Lugha mbili zikakaa katika vitabu viwili. Aliyekishika kile cha Kiswahili aliona kurasa za Kiswahili kitupu, mfululizo wa nathari usiokatizwa na jirani. Haijuzu kutoka hapo kudai kwamba Mjerumani aliiheshimu lugha kuliko Mwingereza. Vitabu vyote viwili vilitumikia ukoloni. Linaloonekana ni kwamba nathari ya Kiswahili ilipata nafasi ya kusimama peke yake katika umbo moja, na katika umbo jingine ikaegemezwa. Historia ya nathari yetu haiwezi kuandikwa vizuri bila kulizingatia jambo hilo.

Büttner alifanya jambo la tatu. Katika mkusanyo wake wa mwaka 1892 alitia picha za nyaraka zenyewe katika hati ya Kiarabu, pamoja na unukuzi wa Kirumi na tafsiri. Kwa namna hiyo msomaji anapewa uwezo wa kumkagua mhariri. Umuhimu wa uwezo huo unaonekana wazi mara mtu akumbukapo jinsi hati ya Kiarabu ilivyotumika kwa Kiswahili. Katika maandishi ya kale, irabu e iliandikwa kama i, na o kama u. Konsonanti p na mb mara nyingi ziliandikwa kwa herufi ileile ya b. Neno lililoandikwa b-i-b-i laweza kusomwa bibi, pepe au pembe, kwa kutegemea muktadha. Kila unukuzi, basi, ni uamuzi. Kitabu kinachotoa herufi za Kirumi peke yake kimeuficha uamuzi huo ndani ya usafi wa chapa.

Ubeti Juu ya Karatasi

Ni katika ushairi ambapo kazi ya mpiga chapa imesahauliwa zaidi, na ni hapo ilipoleta mabishano makubwa.

Katika miswada mingi ya tendi, ubeti mzima huandikwa katika mstari mmoja, au miwili, vipande vyake vikitenganishwa kwa alama ndogo, pengine za wino wa rangi nyingine. Kwa kuwa hati huenda kutoka kulia kwenda kushoto, kina cha bahari, kile kinachofunga kila ubeti, hujipanga chini kwa chini kwenye ukingo wa kushoto wa ukurasa, kama nguzo moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Jicho linaiona bahari nzima kwa mtazamo mmoja. Vitabu vya chapa vya karne ya 20 kwa kawaida vilivunja mstari huo, vikaweka vipande vinne juu na chini, kimoja kwa mstari. Nguzo ya kina cha bahari ikavunjika. Sasa kina hicho huonekana mara moja kwa kila mistari minne, kimezungukwa na vina vya ndani ya ubeti. Jicho linaona visanduku vidogo vidogo, ubeti mmoja baada ya mwingine, badala ya mkondo.

Mwanafunzi anayefundishwa kwamba "ubeti wa utenzi una mishororo minne" anafundishwa jambo la kweli kuhusu kitabu. Kuhusu utenzi, ni afadhali kusema una vipande vinne. Tofauti hiyo si ya maneno tu: anayehesabu mishororo huona ufupi na ukatikaji, anayehesabu vipande vya mstari mmoja huona urefu na mwendo, jambo linaloelewana vizuri na utungo uliokusudiwa kughaniwa kwa saa nyingi.

Alama za uakifishaji nazo ziliongezwa. Miswada haina alama ya kuuliza, ya mshangao wala ya kufungua na kufunga usemi. Katika tendi zenye majibizano, kuweka alama za usemi ni kuamua nani anasema na anakoma wapi. Mhakiki anayejenga hoja juu ya mhusika kwa kutegemea alama hizo anajenga juu ya kazi ya mhariri.

Kisa cha Muyaka bin Haji kinakusanya mambo haya yote pamoja. Malenga huyo wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yalikusanywa baadaye kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, akishirikiana na W. E. Taylor. Taylor naye akafariki mwaka 1927. Diwani ilitolewa na Hichens mwaka 1940, kwa chapa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Ni miaka mia moja kati ya kifo cha malenga na kitabu chake, na katikati yake pana masikio, mkono, hati na wahariri wasiopungua watatu. Mfululizo uliomchukua Muyaka ulikuwa umefunguliwa mwaka 1935 na diwani ya B. W. Vilakazi ya Kizulu. Kwa hiyo jalada lilimweka malenga wa Mvita katika safu ya fasihi za Kibantu za kusini, wakati mashairi yake yaliishi katika safu ya Pate, Lamu na Pemba. Mohamed H. Abdulaziz, katika kitabu chake cha Nairobi cha mwaka 1979, alimrudisha katika mji wake na siasa zake. Mhakiki anayenukuu Muyaka bila kusema kama amenukuu cha 1940 au cha 1979 amewachanganya Muyaka wawili.

Mabishano ya miaka ya 1970 kuhusu ushairi huru yanaweza kutazamwa upya kwa mwanga huu. Kaluta Amri Abedi alikuwa ameziweka sheria za utunzi katika kitabu tangu 1954. E. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo walisema kazi isiyo na vina na mizani si shairi. Waliomtetea wakasema vina na mizani ni minyororo. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu ya mwaka 1988, alionyesha kwamba mapokeo yenyewe ni mapana kuliko yalivyodhaniwa. Lililokosekana katika mabishano ni kuuliza kila upande ulikuwa ukitazama nini. Kwa sehemu kubwa pande zote mbili zilitazama ukurasa uliochapwa.

Kigezo rahisi kinaweza kutumika. Chukua utungo, ubadilishe mpangilio wake wa ukurasa, kisha uusome kwa sauti. Kinachobaki ni cha utungo. Kinachopotea kilikuwa cha kitabu. Andika ubeti wa utenzi kwa mstari mmoja, miwili au minne: vina vitasikika, mizani itasikika, bahari itajulikana. Ule umbo wa visanduku tu ndio utakaotoweka. Kisha chukua shairi la Kichomi, uliandike kama nathari: mikato ya mistari, nafasi nyeupe na mapumziko vitapotea, na sehemu ya maana itapotea navyo. Maana yake si kwamba Kichomi ni dhaifu. Maana yake ni kwamba hiyo ni miongoni mwa kazi za mwanzo za ushairi wa Kiswahili zilizozaliwa ndani ya kitabu, zikautumia ukurasa kama utenzi unavyoitumia sauti. Mgogoro, basi, haukuwa kati ya Uafrika na Uzungu, wala kati ya uzee na ujana, kama ulivyopigiwa kelele. Ulikuwa kati ya tungo zilizovishwa kitabu na tungo zilizozaliwa nacho.

Pingamizi

Huenda ikadaiwa kuwa uchunguzi wa namna hii unamwondoa mhakiki katika kazi yake, akawa mpimaji wa karatasi. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama umbo lingechunguzwa kwa ajili ya umbo. Lakini kila mfano uliotolewa hapa umeishia katika suala la uhakiki: nani mtunzi, utendi unahusu nini, ubeti una mwendo gani, riwaya ni ya zama zipi.

Wengine watasema wahariri wa kale wanashutumiwa bure, maana bila wao kazi nyingi zingepotea. Hilo ni kweli, na halipingwi. Bila Sikujua na Taylor, Muyaka asingefika darasani. Kushukuru hakuzuii kukagua. Mtu akirudishiwa amana, huihesabu mbele ya aliyeitunza, na wote wawili hawaoni haya.

Pingamizi la tatu ni la vifaa. Maktaba za Kisumu hazina toleo la 1870 wala la 1903 rafuni kama zilivyo maktaba za Ulaya. Siku hizi, hata hivyo, vitabu vingi vya karne ya 19 vinapatikana katika intaneti kwa picha za kurasa, na msomaji wa Milimani anaweza kumfungua Steere katika simu yake. Hiyo ni neema, lakini ina mtego wake. Simu huonyesha ukurasa mmoja mmoja. Kurasa zinazotazamana hutenganishwa, na mpango wote wa Swahili Tales hauonekani tena. Ukubwa wa kitabu, uzito wa karatasi na mishono ya jalada haupo. Na matini iliyochapwa upya kwa kompyuta bila picha imepoteza hata herufi za asili. Kwa kizazi kinachosoma hivyo, kujua kueleza kitabu ni haja kubwa zaidi kuliko zamani.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba katika fasihi ya Kiswahili umbo la kitabu cha awali limeathiri mambo ambayo uhakiki huyahesabu kuwa ya ndani ya matini: jina la mtunzi, mada ya utungo, mgawanyo wa aya, hesabu ya mishororo na mfuatano wa kazi za mwandishi mmoja. Imependekezwa pia kigezo cha kutenganisha kilicho cha utungo na kilicho cha ukurasa.

Hatua ya kwanza haihitaji fedha. Kila tasnifu na kila makala inayonukuu kitabu cha kabla ya mwaka 1960 ieleze mambo sita: anwani kama ilivyoandikwa, pamoja na tahajia na alama zake, majina yote yaliyo kwenye ukurasa huo na nafasi ya kila mmoja, mahali, mchapishaji na mwaka, kama kuna kibali au dibaji ya mhariri, mpangilio wa ukurasa, yaani lugha ngapi na beti zimekatwaje, na hali ya nakala iliyotumika, ikiwa ni kitabu chenyewe, fotokopi au picha ya kompyuta. Maelezo hayo hayazidi aya moja.

Aya hiyo moja itamzuia mwanafunzi wa kesho asimpe Mwana Kupona anwani ambayo hakuiandika, wala asimnyime Mtoro kitabu alichokiandika.